Sherifu wa kaunti yako anaitwa nani?

Mei 5, 2025, katika mji wa Dalton, kaskazini mwa jimbo la Georgia, msichana wa miaka 19 aliwashiwa taa na askari wa mji. Aliambiwa amekata kona mahali ambapo kibao kinakataza. Leseni hakuwa nayo. Akatiwa pingu, akapelekwa jela ya Kaunti ya Whitfield, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Wiki moja baadaye mji wenyewe ulikiri kwamba askari alikosea gari: aliyekata ile kona alikuwa dereva mwingine, mwenye pikapu nyeusi, na ya binti ilikuwa ya kijivu. Mashtaka yakafutwa.

Ila binti hakuwa Dalton tena. Alikuwa Lumpkin, kusini-magharibi mwa jimbo, karibu na mpaka wa Alabama, ndani ya kituo cha Stewart ambako ICE, idara ya uhamiaji ya serikali kuu, huweka watu inaotaka kuwaondoa nchini. Baba yake alikuwa ametangulia humo humo wiki chache kabla, naye kwa kosa la barabarani, mwendo kasi. Binti aliletwa Marekani kutoka Mexico akiwa na miaka minne. Alitoka kwa dhamana baada ya wiki mbili na ushei, na kesi ya uhamiaji akabaki nayo.

Naanzia hapo kwa sababu watu wetu wengi wa Afrika Mashariki huku Marekani wanaogopa kitu kimoja tu: wanaume waliofunika nyuso wakishuka kwenye gari lisilo na maandishi. Hofu hiyo ina sababu, tumeziona video. Lakini hadithi ya Dalton haina mtu aliyefunika uso. Ina askari wa trafiki na jela ya kaunti yenye mkataba na ICE. Kosa la barabarani lilifutwa, alama za vidole zikawa zimeshafika kule zinakofika.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuna shida ya kuielewa polisi ya Marekani, maana tumezoea polisi moja. Kenya ina Inspekta Jenerali, Tanzania ina IGP, na amri ikitoka juu inashuka mkoa hadi wilaya hadi kituo, na mkuu wa kituo anayebisha atajikuta amehamishiwa mbali na kwao kabla ya mwezi kuisha. Marekani ina vyombo vya polisi vinavyokaribia 18,000, na havina mkubwa mmoja. Mji una polisi wake, chuo kikuu kina polisi wake, jimbo lina wake. Na kaunti, ambazo zinazidi 3,000, kwa kawaida zina sherifu. Huyo karibu kila mahali anachaguliwa kwa kura, kama diwani. Na yeye ndiye mwenye funguo za jela.

Rais hawezi kumwamuru. Hapo ndipo wengi wanaposhangaa. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema serikali kuu haiwezi kuwalazimisha maafisa wa majimbo na kaunti kuifanyia kazi zake. Aliyeandika hukumu ni Antonin Scalia, jaji wa mrengo wa kulia kama walivyo wachache. Na waliofungua kesi walikuwa masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, waliokataa kuchunguza wanunuzi wa bastola kwa niaba ya Washington. Leo Chicago na miji mingine inayoitwa ya hifadhi, yaani isiyotaka polisi wake waifanyie ICE kazi, inajikinga kwa ngao hiyo hiyo iliyofuliwa na wapenda bunduki. Siasa za nchi hii zina ucheshi wake.

Kwa hiyo, kama kulazimisha hakuwezekani, kinachobaki ni kushawishi. Mwaka 1996 Rais Clinton alitia saini sheria iliyoingiza kifungu cha 287(g) kwenye sheria ya uhamiaji. Kifungu kinaruhusu askari wa mji, kaunti au jimbo kupewa mamlaka ya kazi fulani za uhamiaji, kwa mkataba na chini ya usimamizi wa serikali kuu. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyekuja kutia saini. Florida ikawa ya kwanza, 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Mikataba ya leo ni ya aina tatu. Miwili inahusu jela: mmoja unamruhusu askari wa jela kumhoji mfungwa kuhusu uraia wake na kuanzisha makaratasi ya kumfukuza, mwingine unamruhusu tu kumkabidhi hati ya ICE. Wa tatu ndio unaotoka nje ya jela. Askari wa kawaida, akiwa doria, anapata uwezo wa kuuliza hali ya uhamiaji na kukamata. Serikali ya Obama iliuzima mwaka 2012 baada ya malalamiko mengi ya ubaguzi. Serikali ya Trump iliufufua Januari 2025.

Angalia mwendo wake. Mwisho wa 2024 kulikuwa na mikataba 135 nchi nzima. Kufikia Septemba 2025 ilishapita 1,000. Florida pekee, masherifu wa kaunti zote 67 walitia saini.

Uzalendo umechangia, sikatai. Lakini tazama pia mfukoni. Kuanzia Oktoba 1, 2025, idara inayoingia mkataba wa doria inarudishiwa mshahara na marupurupu ya kila askari aliyepata mafunzo, pamoja na malipo ya muda wa ziada hadi robo ya mshahara wake. Kuna dola 7,500 za vifaa kwa kila askari. Kuna dola 100,000 za magari. Na kila robo mwaka kuna nyongeza kwa askari kulingana na walivyofanikiwa kuwapata watu ambao ICE inawatafuta. Wao wanaiita tuzo, sisi tuna majina mengine. Mafunzo yenyewe, ambayo zamani yalichukua wiki nne darasani, kwa mkataba wa doria sasa ni saa 40 mtandaoni. Sherifu wa kaunti maskini, mwenye magari yanayozimika njiani na bajeti inayokatwa kila mwaka, akiletewa fomu hiyo mezani hahitaji chuki yoyote ili aitie saini.

Sasa nifike mahali ambapo nadhani tunadanganyana. Kila mara mtu akihamia jimbo la Wademokrati utasikia: huko ni salama, polisi wa huko hawashirikiani na ICE. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Tangu 2008, kuanzia Kaunti ya Harris, yaani Houston, alama za vidole za kila anayeingizwa jela zinapotumwa FBI zinapitishwa pia kwa wizara inayosimamia uhamiaji. Mpango ulienea nchi nzima kufikia Januari 2013. Sherifu hawezi kuuzuia hata akitaka, kwa sababu alama lazima azitume FBI ili kujua kama aliyemshika anatafutwa kwa mauaji jimbo jingine. Akishazituma, zimekwenda. Kwa hiyo mtu akikamatwa Chicago kwa ugomvi wa baa, ICE inaweza kujua usiku huo huo yuko wapi.

Tofauti inakuja baada ya hapo. ICE ikiona jina la mtu inayemtaka, inatuma karatasi jela: mshikilieni huyu hadi saa 48 zaidi ya muda wake wa kutoka, tunakuja. Karatasi hiyo haina saini ya hakimu. Kwa miaka mingi masherifu waliichukulia kama amri, mpaka Mmarekani mmoja mwenye asili ya Puerto Rico alipozuiliwa jela ya Kaunti ya Lehigh, Pennsylvania, mwaka 2008, hata baada ya kuwekewa dhamana, kwa sababu mtu fulani alihisi si raia. Alishtaki. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa, katika kesi hiyo ya Galarza, ilisema karatasi ile ni ombi tu, na kaunti inayomfungia mtu kwa ombi inabeba lawama yake yenyewe. Mwaka huo huo mahakama ya Oregon ikaiona Kaunti ya Clackamas na hatia ya kukiuka katiba kwa jambo kama hilo. Ghafla masherifu wengi, hata wasiojali wahamiaji, wakaanza kuuliza wanasheria wao: nikilipishwa, ICE itanisaidia kulipa?

Basi majimbo kama Illinois na California yakaandika sheria kwamba ombi pekee halitoshi kumshikilia mtu. Hicho ndicho kiini cha jimbo la hifadhi: saa inapofika ya mtu kutoka jela, anatoka. ICE ikimtaka, imfuate. Na inamfuata, kama Chicago ilivyoona Septemba 2025. Neno hifadhi limewapa watu wetu usingizi ambao sheria yenyewe haikuwaahidi.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko tunavyopenda kukubali. Sherifu atakuambia: mtu huyu tayari yuko ndani, amepekuliwa, hana silaha. Nikimkabidhi kwa ICE mlangoni, hakuna anayefukuzwa mitaani, hakuna mlango unaovunjwa alfajiri watoto wakipiga kelele, na jirani yake asiye na makaratasi wala kosa haonekani. Mkinikataza, ICE itakwenda nyumbani kwake na itawazoa na waliokuwa sebuleni. Hoja hii si ya kubuni. Baada ya raia wawili wa Marekani kuuawa kwa risasi za maafisa wa serikali kuu Minneapolis, Januari 2026, Tom Homan, msimamizi wa mpaka wa Trump, alitumwa kwenda kutuliza. Februari alitangaza kuondoa maafisa 700 Minnesota, akitaja kwamba kaunti zaidi sasa zinaruhusu watu kuchukuliwa jela. Wakenya na Waliberia wa Brooklyn Park waliokuwa wakitumiana ujumbe wa nani amechukuliwa wapi, hao 700 waliwahusu moja kwa moja.

Na kuna wafu wa upande ule pia. Laken Riley, mwanafunzi wa uuguzi, aliuawa Athens, Georgia, Februari 2024, na mtu kutoka Venezuela aliyeingia bila kibali na ambaye polisi walishakutana naye kabla. Huwezi kumwambia mzazi wa binti huyo kuhusu kesi ya Printz.

Nakubali yote hayo, na bado hoja ya sherifu inaanguka mahali pamoja. Inadhani anayefika jela ni mhalifu. Jela ya kaunti si gereza la waliohukumiwa. Wengi waliomo wanasubiri kesi, na mlango wake ni mpana: leseni iliyokwisha, ugomvi wa mpenzi, jina linalofanana na la mtu mwingine, pikapu ya kijivu. Tena tangu Januari 2025, sheria iliyopewa jina la huyo huyo Laken Riley inasema asiye na kibali halali akikamatwa au kushtakiwa tu kwa wizi, hata wa dukani, lazima ICE imweke ndani. Kukamatwa, si kuhukumiwa. Maana yake askari mmoja wa mji mdogo, akiamua saa nne usiku kutoa onyo au kufunga pingu, ameamua pia kama familia itabaki Marekani. Uzito huo mkubwa amewekewa mtu mwenye mafunzo ya trafiki.

Arizona ilishatuonyesha mwisho wa njia hiyo. Joe Arpaio, sherifu wa Maricopa, alikuwa na mkataba wa 287(g) na akaufanya mradi wa maisha. Askari wake walisimamisha magari ya watu wenye sura ya Kilatino kwa taa iliyoungua au kioo chenye ufa. Mwaka 2013 Jaji Murray Snow aliamua huo ni ubaguzi wa rangi. Arpaio aliendelea, akapatikana na hatia ya kudharau mahakama mwaka 2017, Trump akamsamehe mwezi uliofuata. Yeye alikwenda nyumbani. Kaunti ilibaki chini ya usimamizi wa mahakama, ikihesabu gharama zake kwa mamia ya mamilioni ya dola, ingawa mwangalizi wa mahakama anabisha hesabu hizo.

Je, uhalifu ulipungua mahali ambapo polisi na uhamiaji walishikana mikono? Thomas Miles na Adam Cox, wasomi wa sheria, walifuatilia ule mpango wa alama za vidole ukienea kaunti baada ya kaunti. Utafiti wao wa 2014 haukuona athari yoyote kwenye viwango vya uhalifu. Kilichopungua ni simu. Katika uchunguzi wa Nik Theodore wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, uliotoka 2013, asilimia 44 ya Walatino walisema hawangependa kuwapigia polisi wakitendewa uhalifu, kwa kuogopa kuulizwa uhamiaji. Kwa wasio na makaratasi ilikuwa asilimia 70.

Kwetu takwimu hiyo ina sura. Ni mwanamke anayepigwa na mumewe kwenye nyumba ya kupanga, jikoni, saa ambayo watoto wamelala. Mume ana kadi ya kijani, mke viza yake ilikwisha, na mume anajua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Hahitaji kumnyang'anya simu. Anamwambia tu: piga, waje wakuchukue wewe. Bunge la Marekani lenyewe lililiona tatizo hili mwaka 2000 likaanzisha viza ya U kwa wahanga wa uhalifu wanaowasaidia polisi, 10,000 kwa mwaka. Na nani anayesaini fomu kuthibitisha kwamba mama huyo alisaidia? Mara nyingi ni polisi wale wale wa mji. Serikali ile ile imempa askari kalamu mbili, moja ya kumwalika shahidi na nyingine ya kumfukuza, kisha inashangaa shahidi akikaa kimya.

Hata anayeshirikiana hana uhakika wa kubaki salama. Kaunti ya Cumberland, Maine, penye jiji la Portland na wakimbizi wengi wa Kongo na Angola, ilikuwa ikiipangisha ICE vitanda kwenye jela yake. Januari 2026, maafisa wa ICE walimkamata kijana kutoka Angola, akiwa na kibali cha kufanya kazi. Gari lake likaachwa barabarani. Kijana huyo alikuwa askari mpya wa jela hiyo hiyo. Sherifu Kevin Joyce alisimama mbele ya waandishi akaeleza hasira yake kwa maneno ambayo masherifu hawayatumii kuhusu wenzao wa serikali kuu. Muda mfupi baadaye ICE iliwahamisha wafungwa wake wote kutoka jela ya Cumberland.

Hapa Georgia tuliwahi kuona kura ikifanya kazi. Kaunti za Cobb na Gwinnett, ambako Wakenya wa Marietta na Lawrenceville wana makanisa, saluni na vyama vya kuzika, zilikuwa na mikataba ya 287(g) tangu 2007 na 2009. Novemba 2020 wapiga kura waliweka masherifu wapya, Craig Owens na Keybo Taylor, waliokuwa wameahidi kuivunja. Januari 2021 wakaivunja. Haikuhitaji Washington wala Mahakama ya Juu.

Atlanta, liliko bunge la jimbo, haikusahau. Baada ya kifo cha Laken Riley, bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2024 sheria inayomtaka sherifu aombe mkataba na ICE na aheshimu maombi yake, la sivyo kaunti inyimwe fedha na yeye mwenyewe ashtakiwe. Texas imefuata mwaka 2025 kwa sheria inayowabana masherifu wenye jela waingie mikataba. Upande wa pili Delaware, mwaka huo huo, ilipiga marufuku mikataba hiyo kabisa. Kamba inavutwa kutoka pande zote mbili, na sherifu, aliyewahi kuwa mwamuzi, anageuka karani wa bunge la jimbo. Lakini hata karani ana nafasi yake. Ndiye anayeamua kama askari wake watamkamata asiye na leseni au watamwandikia tiketi aende zake, na hilo halimo kwenye sheria yoyote niliyoitaja.

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp, watu walikuwa wakibishana kuhusu uteuzi wa chama kwa kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi, huko Nyamira, Kenya. Walijua wagombea wote, na nani kampa nani mbuzi. Nikauliza: sherifu wa Cobb anaitwa nani? Kimya. Wengi mle ni raia wa Marekani sasa, wanapiga kura. Baada ya dakika arobaini hivi dereva mmoja wa lori aliandika jina akiwa kituo cha mafuta Tennessee, na wawili wakaweka dole gumba. Lilikuwa jina la sherifu aliyeshindwa mwaka 2020.